Betri ya Nyuma ya Gari: Waya Wake na Fyuzi Yake

Pengine mtauliza: Kitabu cha mafundisho ya afya kina habari gani na betri ya gari? Je, kazi hiyo si ya makanika?

Jibu letu ni hili. Makanika hufunga waya, lakini anayeungua huletwa kwetu. Kidonda cha moto ni kati ya vidonda vyenye maumivu mengi, nacho hupona polepole na kuacha kovu. Tena gari linaloungua barabarani mara nyingi limebeba watu: mama mwenye uchungu wa kuzaa, waimbaji wanaokwenda mkutanoni, mgonjwa asiyeweza kushuka mwenyewe. Kuzuia moto ni dawa iliyo bora kuliko kutibu aliyeungua.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 twasoma kwamba mtu aliyejenga nyumba mpya aliagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakusema na wagonjwa tu, alisema na fundi anayejenga. Basi tujifunze juu ya ukingo wa betri. Jina lake ni fyuzi. Makanika wetu wengi huiita kwa Kifaransa, fusible.

1. NGUVU ILIYOMO NDANI YA BETRI

Betri ya gari ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Ndiyo maana twasema betri ya volti 12. Mtu mwenye mikono mikavu akishika vichwa vyake viwili hatapigwa na umeme. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba betri ni kitu cha upole. Sivyo!

Volti zake ni chache, lakini mkondo wake ni mkubwa sana. Mkondo hupimwa kwa ampea. Taa ndogo ya ndani ya gari haitumii hata ampea moja. Stata, yaani mota inayoamsha injini, hutumia ampea 100 hadi 200 katika gari dogo la petroli, na zaidi katika gari la dizeli. Lakini chuma kikigusa kichwa cha + na kichwa cha − kwa pamoja, betri hutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Hiyo ndiyo shoti. Spana huwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Pete iliyo kidoleni yaweza kuunguza nyama hadi mfupa kabla mtu hajavuta mkono wake. Waya mwembamba huwaka kama utambi, na ngozi yake ya plastiki hushika moto pamoja na kila kitu kilicho karibu.

Moto huo haungoji ufunguo wa gari. Gari limezimwa, shoferi amelala, lakini betri haijalala.

2. KWA NINI WENGINE HUIWEKA NYUMA?

Magari mengi yana betri mbele, karibu na injini. Lakini si yote. Gari dogo la Mini, lililotoka Uingereza mwaka 1959, lilikuwa na betri katika sanduku la nyuma, lile tunaloliita kofre. Volkswagen ile ya zamani yenye mgongo wa mviringo ilikuwa na betri chini ya kiti cha nyuma. Watengenezaji wa magari hayo walipima kazi yao tangu mwanzo.

Siku hizi watu wengine huhamisha betri wenyewe. Sababu zao ni nzuri. Joto la injini hufupisha maisha ya betri. Pengine mbele hakuna nafasi. Pengine wanataka betri ya pili nyuma kwa ajili ya taa ya kumtazamia mgonjwa, au friji ndogo ya chanjo, au vipaza sauti vya mkutano wa Injili.

Hakuna ubaya katika jambo hilo. Lakini fahamuni tofauti moja kubwa. Betri ikiwa mbele, waya wa stata ni mfupi, mara nyingi haufiki mita moja. Betri ikiwa nyuma, waya una urefu wa mita 4 au 5. Unapita chini ya viti, kando ya miguu ya watu, unatoboa ukuta wa chuma ili kufika kwenye injini. Na chuma chote cha gari kimeungwa na kichwa cha −. Kwa hiyo kila mahali waya wa + unapokutana na chuma kikali ni mahali pa hatari. Barabara zetu za Ituri na Kivu hutikisa gari kutwa nzima. Kila mtikiso ni kama tupa inayokwaruza ngozi ya waya. Leo haionekani. Baada ya miezi mingi shaba iko wazi, inagusa chuma, na moto huanza chini ya kiti cha abiria, mahali ambapo shoferi haoni.

3. KAZI YA FYUZI NI NINI?

Sikieni vizuri, kwa maana wengi wamekosea hapa. Watu husema, “Fyuzi hulinda taa,” au, “Fyuzi hulinda redio.” Kazi yake ya kwanza siyo hiyo. Fyuzi hulinda waya. Ndani yake mna kipande cha madini kilichopimwa. Mkondo ukizidi kipimo chake, kipande hicho huyeyuka na kukata njia kabla waya haujawaka. Fyuzi hufa ili gari lisiungue.

Ukikubali neno hilo, mambo mawili hufuata.

La kwanza ni mahali pake. Fyuzi hukata njia kwa waya ulio mbele yake tu. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Tuseme fundi ameweka fyuzi mbele, karibu na injini, na betri iko nyuma. Waya ukikwaruzwa katikati ya gari, mkondo wa betri hauipiti fyuzi ile kabisa. Unatoka kwenye betri, unaingia katika chuma, na fyuzi inabaki nzima huku gari likiungua. Kwa hiyo fyuzi na iwekwe karibu kabisa na kichwa cha + cha betri, isizidi urefu wa shibiri moja. Kila waya unaotoka kwenye kichwa hicho uwe na fyuzi yake, hata uwe mwembamba namna gani. Waya mwembamba ndio huwaka upesi zaidi.

La pili ni kipimo chake. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya. Iwe kubwa kuliko mahitaji ya kazi, lakini iwe ndogo kuliko uwezo wa waya. Fyuzi ya ampea 60 juu ya waya wa ampea 15 ni mlinzi aliyelala: waya utaungua naye hajaamka.

4. JINSI YA KUPIMA WAYA NA FYUZI

Tuanze na vyombo vidogo. Chukua wati za chombo, uzigawanye kwa volti 12, utapata ampea. Mfano: taa 2 za wati 12 kila moja ni wati 24, yaani ampea 2. Friji ndogo ya wati 60 ni ampea 5. Jumla ni ampea 7. Fyuzi ya ampea 10 inafaa, pamoja na waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba.

Vipimo hivi vina usalama wa kutosha kwa waya wa shaba:

Waya wa mm² 1.5: fyuzi isizidi ampea 10.
Waya wa mm² 2.5: fyuzi isizidi ampea 15.
Waya wa mm² 6: fyuzi isizidi ampea 30.
Waya wa mm² 16: fyuzi isizidi ampea 60.

Sasa waya mkubwa wa stata. Hapa unene una sababu mbili: usalama, tena nguvu ya kuamsha injini. Waya hula sehemu ya volti njiani, na ukiwa mwembamba hula nyingi. Stata ikitumia ampea 200 kwa waya wa mita 5 wenye mm² 50, waya hula theluthi moja ya volti tu. Ukiweka waya wa mm² 16, waya hula zaidi ya volti 1. Stata itazunguka kwa unyonge, na mgonjwa atangoja huku ninyi mkisukuma gari. Basi kwa gari dogo la petroli yafaa mm² 50. Gari la dizeli lahitaji zaidi.

Kwa waya huo kuna fyuzi kubwa za kufungwa kwa bolti, zenye kipimo kama cha ampea 250, ambazo huvumilia mkondo mkubwa wa sekunde chache za kuwasha injini. Mwambie makanika apime kwanza mkondo wa stata yako, ndipo achague. Magari mengine hutoka kiwandani bila fyuzi kwenye waya wa stata, lakini waya wao umewekewa kinga na njia iliyopimwa vizuri. Fundi wa kijijini anayehamisha betri kwa mkono wake asijipe ruhusa hiyo.

Tusisahau jambo moja tena. Injini ikizunguka, alteneta iliyo mbele nayo hutoa umeme. Kwa hiyo waya mrefu una chemchemi mbili, moja kila upande. Fyuzi ya nyuma ikikatika, alteneta yaweza kuendelea kulisha mahali palipokwaruzwa. Waya wa alteneta nao upewe fyuzi yake mbele. Na kwa sababu hiyohiyo, moshi ukionekana, neno la kwanza kwa shoferi ni: zima injini.

5. NJIA YA WAYA

Chagueni waya wa shaba wenye nyuzi nyingi nyembamba, usiovunjika kwa mtikiso. Waya mgumu wa nyumba haufai ndani ya gari. Sokoni kuna nyaya zenye rangi ya shaba kwa juu na alumini ndani. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe, ujue kwamba waya huo hauwezi kubeba kama shaba, hata kama ni mnene.

Waya upite mbali na bomba la moshi, bomba la petroli, na reli za viti. Uvishwe bomba la plastiki, ufungwe kwa vibanio kila shibiri mbili, usiningʼinie. Kila tundu la chuma linalopitiwa na waya liwekewe pete ya mpira. Pete hiyo ni kitu cha bei ndogo, lakini bila hiyo ukingo wa tundu ni kisu.

Ncha za waya zibanwe katika vikuku vya shaba kwa koleo la kazi hiyo. Kusokota kwa vidole na kuzungusha plasta si kufunga. Kiungo kilicholegea hupata joto hata kama fyuzi ni nzima, kwa maana mkondo haukuzidi, bali njia imekuwa mbaya. Waya wa − uwe mfupi na mnene kama ule wa +, ufungwe kwenye chuma imara cha gari kilichokwanguliwa rangi mpaka kingʼae. Mhakikishe pia kwamba injini imeunganishwa vizuri na mwili wa gari, kwa sababu mkondo hurudi kwa njia hiyo.

6. SANDUKU LA BETRI NA HEWA YAKE

Betri yaweza kuwa na uzito wa kilo 15 au 20. Gari likigonga mti, betri isiyofungwa huruka kama jiwe. Kamba ya mpira haitoshi. Ifungwe kwa chuma na bolti kwenye sakafu ya gari, ndani ya sanduku lenye kifuniko, na kichwa cha + kivikwe kofia ya mpira.

Betri inapochajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Haina rangi wala harufu, nayo ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa ya mahali palipofungwa, cheche moja yatosha kuilipua. Betri ikilipuka hurusha asidi machoni. Kwa hiyo betri ya maji ikiwekwa ndani ya gari, sanduku lake lizibwe vizuri upande wa abiria, na mpira wa hewa utoke nje chini ya gari. Betri iliyozibwa isiyomwaga maji ni bora kwa mahali hapo, lakini nayo ipewe njia ya hewa. Msiweke juu ya sanduku hilo spana, jeki, jerikani ya petroli, wala chupa ya oksijeni.

7. UTARATIBU WA KAZI

Kwanza, vua pete, saa na mkufu.
Pili, zima injini, ondoa sigara na taa ya moto, fungua milango hewa ipite.
Tatu, unapofungua betri, anza na kichwa cha −.
Nne, funga waya wote kwanza, fyuzi ikiwa haijatiwa.
Tano, unapounganisha betri, anza na +, kisha −. Fyuzi iwe ya mwisho.
Sita, baada ya kuwasha, gusa viungo kwa mkono. Kiungo chenye joto kifunguliwe na kufungwa upya.
Saba, kila mwezi tazama waya mahali unapopita katika chuma.

Kuna waliofunga betri pamoja na sahani ya jua nyumbani au kanisani. Sheria ni ileile: fyuzi karibu na betri, hewa ya kutosha, na betri isikae chini ya kitanda wala mahali pa watoto.

8. MTU AKIUMIA

Asidi ikiingia jichoni: osheni mara hiyohiyo kwa maji safi mengi, kwa nusu saa, huku mkifungua kope. Lazeni kichwa upande ili maji yasiingie jicho la pili. Kisha mleteni hospitali hata kama anasema ameona nafuu.

Asidi ikimwagika mwilini: vueni nguo zilizolowa, mwage maji mengi kwa dakika 20 au zaidi. Mtu akiungua kwa moto au chuma: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, na vua pete kabla kidole hakijavimba. Msipake mafuta, dawa ya meno, udongo, wala majani. Msipasue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi. Kidonda kikipita ukubwa wa kiganja chake mgonjwa, au kikiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, aje hospitali siku hiyo.

Mtoto akinywa maji ya betri: msimtapishe. Asukutue kinywa, kisha mkimbizeni hospitali.

Gari likitoa moshi: zimeni injini, shusheni watu kwanza, aliye dhaifu asiachwe. Mkiweza bila hatari, kateni kichwa cha −. Zimeni kwa unga wa kuzimia moto au mchanga mkavu. Moto ukishika petroli, acheni gari liungue. Gari hununuliwa.

Na betri iliyokufa msiivunje kuyeyusha risasi yake nyumbani. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika nchi ya Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotoka katika betri kuukuu.

9. NENO LA MWISHO KWA WENYE MAGARI

Fyuzi ikikatika njiani, usiku, mvua ikinyesha, liko jaribu linalomjia kila shoferi. Yupo atakayechukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kipande cha waya, au msumari, akautia mahali pa fyuzi. Taa zinawaka tena, watu wanashangilia, safari inaendelea. Lakini gari lile sasa halina mlinzi. Kilichoikata fyuzi bado kipo chini ya kiti, nao walioketi juu yake hawajui.

Ndugu, fyuzi iliyokatika si adui. Imekupa habari. Tafuta kwanza mahali palipokwaruzwa, ndipo uweke nyingine ya kipimo kilekile. Chukua fyuzi 2 au 3 za akiba katika gari. Hazina bei kubwa.

Mungu ameweka kitu cha namna hiyo ndani ya mtu pia, nacho ni dhamiri. Inapotuchoma, twaweza kutafuta dhambi iliyoko na kuiungama, au twaweza kuinyamazisha na kuendelea na safari. Anayeinyamazisha anatia msumari mahali pa fyuzi. Yeye anayekabidhiwa roho za watu barabarani na awe mwaminifu katika hayo mawili.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Fyuzi hulinda kitu gani hasa?
Kwa nini fyuzi iliyo mbele haiwezi kulinda waya unaotoka kwenye betri ya nyuma?
Unapofungua betri, unaanza na kichwa gani?
Je, katika gari la kanisa lenu, au katika gari unalopanda kwenda sokoni, yuko aliyetazama waya mwezi huu?